Mkondo umezimwa, lakini ncha ya kichwa cha kuandikia bado inaonekana kwenye picha: tunaona nini hasa?

#1 Nchasindano

Salaam wakuu.

Nina swali ambalo limenisumbua kwa wiki mbili, na naomba msaada wa wenye uzoefu wa kupiga picha za sumaku. Nilitoa kichwa kimoja katika diski kuu iliyokufa, ya kizazi cha uandishi wa wima (usumaku wa kila biti husimama badala ya kulala kwenye sahani), nikakigandisha kitelezi chake, yaani kile kipande kidogo kinachobeba kichwa, chali ili uso ule unaoelea juu ya sahani uitazame sindano ya hadubini ya nguvu ya sumaku. Nyaya mbili nyembamba za koili ya kuandikia nilizilehemu chini ya lenzi kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, kisha nikapitisha mkondo mnyoofu.

Mkondo ukielekea upande mmoja, ncha ya kichwa inang'aa. Nikiugeuza, inakuwa nyeusi. Hapo sina ugomvi. Kinachonitatiza ni picha ninayoipata baada ya kuzima mkondo na kuchomoa nyaya kabisa, kwa sababu ncha haipotei. Mara nyingine hubaki mng'ao hafifu, na mara nyingine nusu moja inakuwa nyeupe na nusu ya pili nyeusi, mpaka kati yake ukiwa umenyooka.

Dai langu ni kwamba huo ni usumaku baki ndani ya ncha, na kwamba kichwa chenye hali hiyo kinaweza kufuta data kikiwa kinapita tu bila kuandika. Mwenzangu anadai kwamba naona uchafu wa kipimo. Sindano ni ya silikoni iliyopakwa kobalti na kromu, inatetema kwa takriban kilohezi 70, na inapita kila mstari mara mbili: pito la kwanza linagusa uso, la pili limeinuliwa nanomita 40 juu yake.

#2 FundiKoili

Hongera kwa kulehemu, maana wengi huishia hapo. Je, mkondo uliukata ghafla au uliupunguza taratibu huku ukiugeuzageuza? Saketi inayoendesha kichwa ndani ya diski inaweza kumaliza uandishi kwa mkondo unaopungua ukienda huku na huko, makusudi kabisa, ili ncha isibaki na sumaku. Ukiukata mara moja kutoka kwenye kilele, kuona mabaki si ajabu, na kwa kweli ningeshangaa zaidi kama usingeyaona.

#3 BiSumaku

Kabla hatujafika kwenye usumaku baki, tukubaliane kwanza kuhusu kile ambacho hadubini hii inakipima, kwa sababu nusu ya mabishano ya aina hii huzaliwa hapo. Sindano haioni usumaku ulio ndani ya ncha. Inahisi jinsi nguvu ya uga wa sumaku unaovuja juu ya uso inavyobadilika kadiri unavyopanda kwenda juu, na badiliko hilo ndilo linalosogeza mtetemo wa mkono wake mdogo wa silikoni, tukaliona kama rangi. Mipangilio miwili tofauti kabisa ya usumaku ndani ya metali inaweza kuvujisha uga uleule nje, na mpangilio uliojifunga vizuri ndani kwa ndani hauvujishi kitu na hivyo hauonekani kabisa. Kwa hiyo sentensi ya kwamba ncha ina usumaku baki ni tafsiri ya picha, na picha yenyewe haisemi hivyo.

La pili ni zito zaidi. Sindano yako nayo ni sumaku, tena si kaidi sana: sindano za kawaida za kobalti na kromu hugeuzwa na uga wa takriban tesla 0.04 (tesla ni kipimo cha uga). Ncha ya kichwa imetengenezwa kwa mchanganyiko wa kobalti na chuma ambao hushiba, yaani haupokei usumaku zaidi, kwenye tesla 2.4 hivi, na karibu na uso wake uga ukiwa umewashwa unaweza kufika tesla moja. Hata kwenye nanomita 40 unabaki mkubwa kupita ukaidi wa sindano. Kwa lugha nyingine, ulipeleka mizani kupima ndovu, na ndovu akaikalia mizani.

Kwa hiyo nakuuliza: rangi iligeuka kwa mkondo wowote ule, au kwa mkondo mdogo tu?

#4 Nchasindano

Shukrani, dada. Nimerudi kwenye daftari na swali lako limenichoma mahali penyewe. Chini ya miliampia 5 rangi inageuka vizuri ninapogeuza mkondo. Kuanzia miliampia 20 ncha inakuwa nyeusi kwa pande zote mbili za mkondo, jambo ambalo nililiandika pembezoni kwa alama ya kuuliza kisha nikalisahau.

#5 BiSumaku

Hiyo alama ya kuuliza ndiyo jibu. Sindano ikigeuzwa na kichwa, itavutwa siku zote, kama sumaku ndogo inayojipanga kufuata kubwa, na mvuto kwenye picha zako ni mweusi. Hivyo kila picha uliyopiga baada ya kupita miliampia 20 imepigwa na sindano ambayo huijui imeelekea wapi.

#6 MzeeWaUtepe

Vijana mnanikumbusha mbali. Zamani tuliona sumaku kwa macho bila umeme wowote. Francis Bitter alinyunyiza unga laini wa chuma juu ya metali iliyong'arishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na unga ukajipanga kwenye mipaka ya vikoa, yaani maeneo madogo ambayo kila moja lina mwelekeo wake wa usumaku. Mimi nilikuwa nikitumbukiza kipande cha utepe wa sumaku katika kimiminika chenye chembe za chuma, nakitoa, nakiacha kikauke, kisha nikitazama kwa kioo cha kukuza naona njia za data zikiwa zimesimama kama meno ya kitana. Tulirekebisha pembe ya kichwa kwa kutazama meno hayo tu: yakilala upande, kichwa kimepinda.

Ile diski kuu ya kwanza ya IBM ya mwaka 1956, yenye sahani 50 za kipenyo cha inchi 24 na uwezo wa megabaiti 5, ungeweza kuipiga picha ya namna hiyo bila shida yoyote. Na mtu asiyetaka unga alikuwa na mwanga, tangu Faraday alipoona mwaka 1845 kwamba mwanga unaoakisiwa na ncha ya sumaku hugeuka.

#7 Mpimaji

Mzee, shikamoo, naomba kusahihisha mawili kwa heshima zote. Faraday mwaka 1845 aliuona mwanga ukigeuka ulipokuwa unapita ndani ya kioo kilichowekwa kwenye uga wa sumaku. Aliyeuona ukigeuka kwa kuakisiwa na ncha ya sumaku ni John Kerr, mwaka 1877, na kwa ajili ya metali zisizopitisha mwanga Kerr ndiye tunayemhitaji. Pili, diski ile ilikuwa na herufi milioni 5 za biti 6 kila moja, ambazo kwa hesabu ya baiti za leo ni megabaiti 3.75.

#8 MzeeWaUtepe

Marahaba. Nimekubali Kerr. Zile baiti nyingine mlizoninyang'anya nazo nitazikumbuka.

#9 Mpimaji

Ili tuone kwa nini unga na mwanga vimeachwa nyuma, tufanye hesabu fupi. Inchi moja ya mraba ina nanomita za mraba trilioni 645 hivi. Ukiweka humo biti trilioni moja, kila biti inabaki na nanomita za mraba 645, yaani kama nanomita 50 kwa upana wa njia na 13 kwa urefu. Mwanga unaoonekana una urefu wa mawimbi wa nanomita 400 hadi 700, na hadubini nzuri ya mwanga haitenganishi vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 na ushei. Ndani ya nukta moja ndogo kabisa inayoonekana kwa mwanga mmelala biti kadhaa wa kadhaa.

#10 Chembechembe

Nimesoma yote na bado hakuna aliyetaja maelezo ambayo kwangu ndiyo ya kwanza kuyashuku, nayo ni umeme tuli. Sindano iliyopakwa metali inapitisha umeme. Ncha ya kichwa ni metali, imezungukwa na alumina ambayo haipitishi, na mwili wa kitelezi ni kauri ya aina nyingine kabisa. Metali mbili tofauti zikikaribiana huwa na tofauti ya volti kati yake hata bila betri, na tofauti hiyo huvuta sindano. Mvuto huo hauna habari na mkondo wa koili: uwashe, uuzime, ugeuze, upo palepale. Ncha ingeonekana kwenye picha hata kama ingetengenezwa kwa shaba.

Kipimo chake ni rahisi. Ipe sindano volti kidogo kidogo mpaka mvuto utoweke, kisha upige picha upya kwenye volti hiyo.

#11 FundiKoili

Niongeze la joto. Koili ikipitisha mkondo hupata moto, na ncha hutokeza nje kwa nanomita chache. Diski za kisasa hutumia kipasha joto kidogo makusudi kusogeza kichwa karibu na sahani kwa njia hiyohiyo. Picha iliyopigwa mara tu baada ya kuzima inaweza kuwa ya kitu kinachorudi ndani polepole.

#12 Chembechembe

Polepole kiasi gani, mkuu? Ncha yenyewe inapoa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitelezi kizima na gundi yake vinaweza kuchukua dakika kadhaa, nakubali, lakini sindano hupita kila mstari mara mbili, kwanza ikigusa umbo la uso na mara ya pili ikiwa imeinuliwa kufuata umbo hilohilo. Msogeo wa dakika nzima haupati nafasi kati ya pito na pito. Maelezo ya joto yangekubalika kama angepima kwa pito moja.

#13 BiSumaku

Kuhusu umeme tuli nakubali kipimo, ila naona pengo katika hoja. Mvuto wa umeme tuli ni mweusi. Sindano inayoamsha usumaku katika metali laini, yaani inayogeuzwa usumaku kirahisi, inavutwa pia, nao ni mweusi. Msukumo ndio unaotoa weupe, na msukumo unataka sumaku mbili zenye mielekeo inayokataana. Basi ile nusu nyeusi ya Nchasindano inaweza kuwa chochote mnachotaka, lakini ile nyeupe ni lazima iwe sumaku.

#14 Chembechembe

Ingekuwa lazima kama weupe ungekuwa na sifuri inayojulikana. Programu ya hadubini husawazisha kila mstari kwa kuondoa wastani wake, na baada ya hapo weupe una maana ya kuvutwa kidogo kuliko jirani, wala hausemi kwamba kuna msukumo. Nimewahi kuona mwanya mtupu kati ya metali mbili uking'aa kama taa.

#15 Strobo

Habari zenu. Nimefanya kazi miaka kadhaa na hadubini za Kerr zinazopiga picha kwa mapigo ya leza, kwa hiyo nitazungumzia upande wa muda, ambao uzi huu haujaugusa.

Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inafanya mizunguko 120 kwa sekunde. Kwenye milimita 45 kutoka katikati, uso wake unapita chini ya kichwa kwa takriban mita 34 kwa sekunde, na biti ya nanomita 13 aliyoitaja Mpimaji inapita kwa nanosekunde 0.4 hivi. Usumaku nao haugeuki kama swichi. Unayumba ukizunguka uga, kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, kwa kasi ya takriban gigahezi 28 kwa kila tesla. Kwa hiyo kichwa kinaandika katika muda ambao usumaku wake wenyewe haujamaliza kuyumba. Picha yako ya mkondo mnyoofu, ambayo sindano huichora kwa dakika kumi, haijagusa ulimwengu huo hata kidogo.

Njia tuliyotumia, ambayo Mark Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta ni miongoni mwa walioiendeleza, ni hii: pigo fupi la umeme linaingia kwenye koili, pigo fupi la leza lililotetemeshwa katika bapa moja linagonga uso baada ya muda uliochaguliwa, nawe unasoma jinsi bapa hilo lilivyogeuka. Unarudia mamilioni ya mara, unasogeza muda kidogo, unarudia tena, mpaka unapata sinema. Nimeona kwa njia hiyo jinsi mgeuko unavyoanzia karibu na koili na kusafiri kwenye kiini kuelekea mbele, na jinsi kingo zinavyochelewa kuliko katikati. Ncha yenyewe, kwa upana wake wa nanomita mia hivi, ni ndogo kuliko doa la leza, kwa hiyo tulikuwa tunaiona kama ukungu mmoja.

#16 FundiKoili

Strobo, sinema hiyo ingekuwa tamu zaidi kama isingekuwa na kasoro moja. Mnarudia mamilioni ya mara mkichukua wastani, basi mnaona tu kile kinachojirudia. Ncha inayobaki na sumaku mara moja kati ya elfu, tena kwa mwelekeo usiotabirika, inafutika katika wastani huo. Na hiyo ndiyo inayonifuta mimi data.

#17 Strobo

Ni kweli, na sina utetezi. Tunaona mwendo lakini hatuoni ajali. Nchasindano anaona mabaki ya ajali lakini haoni mwendo.

#18 Msomaji_Kimya

Naomba radhi kwa swali la mgeni. Hakuna picha inayoonyesha usumaku wenyewe badala ya uga unaovuja?

#19 BiSumaku

Karibu, na swali si la mgeni hata kidogo. Zipo, kila moja ikiwa na bei yake.

Elektroni zinazopita ndani ya kipande chembamba hupindwa na usumaku wa kipande hicho, na hadubini ya elektroni inaweza kuuchora mpindo huo. Akira Tonomura, aliyekuwa Hitachi, aliufikisha mbali kwa holografia ya elektroni, kiasi cha kuchora mistari ya uga ikitoka kwenye utepe uliorekodiwa. Bei yake ni kwamba lenzi kuu ya hadubini ya kawaida ina uga wa takriban tesla 2, unaotosha kumshibisha mgonjwa kabla daktari hajamtazama, kwa hiyo ni lazima izimwe au itumike lenzi ya aina nyingine. Tena kipande kinatakiwa kiwe chembamba cha nanomita mia hivi. Ukikata ncha ya kichwa kuwa nyembamba hivyo, umeondoa mkazo uliokuwa ukiibana, na vikoa vinajipanga upya. Unapiga picha ya kitu ambacho si kile ulichokuwa nacho jana.

Eksirei zilizosokotwa kulia au kushoto hunyonywa kwa viwango tofauti na atomi zenye usumaku. Gisela Schütz na wenzake walilionyesha jambo hilo kwa chuma mwaka 1987, na mwaka 1993 Joachim Stöhr na wenzake walilitumia kupiga picha ya biti kwenye sahani ya kobalti, platini na kromu. Uzuri wake ni kwamba unachagua elementi: leo unatazama kobalti peke yake, kesho chuma. Tatizo ni kwamba unahitaji sinkrotroni, ile mashine kubwa ya kutoa eksirei, na foleni yake.

Kuna pia kutazama mwelekeo wa spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) za elektroni zinazorushwa na uso wenyewe, kazi ambayo Koike na Hayakawa waliionyesha miaka ya 1980. Hiyo huonyesha usumaku moja kwa moja, lakini uso uwe safi kama wa kuzaliwa, na mkondo wa koili uwe umezimwa kwa sababu uga unaovuja hupoteza elektroni njia. Kwa swali la mkondo uliozimwa, mimi ningeanzia hapo.

#20 FundiKoili

Uso wa kichwa umepakwa kaboni ngumu ya nanomita chache ili usikwaruzwe. Utaikwangua?

#21 BiSumaku

Ndiyo. Kwa mapigo ya ayoni za agoni, taratibu.

#22 FundiKoili

Na ncha utaiacha salama baada ya kuipiga kwa ayoni? Haya, tuendelee.

Niliwahi kupima vichwa kwenye meza ya mzunguko, yaani sahani moja, kichwa kimoja na vifaa vya kupimia, bila diski yenyewe. Tuliandika njia moja, tukazima mkondo, tukakiacha kichwa kikizunguka juu ya njia ileile, kisha tukasoma ishara imepungua kiasi gani. Vichwa vingi havikufuta chochote. Vichache vilifuta, na si kila mara: kichwa kilekile kinakaa kimya asubuhi nzima, kisha mchana kinakata theluthi ya ishara kwa mzunguko mmoja. Sababu tuliyoafikiana ni umbo. Ncha ya uandishi wa wima ni ndefu na nyembamba kama msumari, na msumari hupenda kubaki na usumaku wa urefu wake, yaani ukichungulia sahani moja kwa moja. Dawa iliyotumika ni kuijenga ncha kwa tabaka za kobalti na chuma zilizotenganishwa na utando mwembamba usio na sumaku, kwa mfano rutheni, ili mkondo ukizimwa tabaka zielekee kinyume na kufungana zenyewe.

Sasa, Nchasindano, mpaka wako kati ya nyeupe na nyeusi umelala upande gani? Kama unakata ncha sambamba na mwanya ulio kati ya ncha na ngao yake ya sumaku, naona tabaka mbili zilizofungana kinyume, yaani dawa ikifanya kazi. Si ugonjwa huo.

#23 Nchasindano

Uko sambamba na mwanya kabisa.

#24 Chembechembe

Tabaka moja ina unene wa makumi machache ya nanomita, na sindano imeinuliwa nanomita 40 na ina kipenyo chake juu ya hapo. Tabaka mbili zinazokataana kwa ukaribu huo zingefutana kabla hazijaifikia sindano, ama zingeonekana kwa shida. Yeye anaona nusu mbili zilizo wazi. Mimi ningesema ni ngao. Ile ngao ya nikeli na chuma iliyo nyuma ya mwanya ni laini na ina vikoa vyake, na kikoa kimoja kikitokeza ukingoni kinatosha kutia rangi upande ule wa ncha.

#25 Mpimaji

Au kisomaji. Kwenye vichwa vya umri huo, kitambuzi cha kusomea huwa kimebanwa kushoto na kulia na sumaku ndogo za kudumu za kukituliza.

#26 Chembechembe

Kisomaji kiko mikromita kadhaa kutoka kwenye ncha. Uga wake haufiki huko ukiwa na nguvu ya kutia rangi.

#27 Msomaji_Kimya

Samahani tena. Kisomaji si tayari ni kipimo cha uga? Kwa nini msichukue kichwa cha pili, mkatumia kisomaji chake kukagua ncha ya hiki cha kwanza?

#28 Mpimaji

Inafanyika, na watu wametengeneza hadubini kwa wazo hilohilo. Kisomaji kinapima uga wenyewe badala ya badiliko la nguvu, na kinakupa namba, wakati sindano inakupa rangi. Ubaya ni kwamba ngao zake zinataka kuvuta uga unaoukagua.

Kwa swali hili mahususi kuna kifaa kingine, ambacho ni kasoro moja ndani ya almasi, mahali ambapo atomi ya nitrojeni imekaa jirani na nafasi tupu. Inang'aa ikipigwa leza ya kijani, na mng'ao hupungua unapoipa mawimbi ya gigahezi 2.87 pasipo uga. Uga ukiwapo, namba hiyo hupasuka mara mbili na kusogea kwa gigahezi 28 kwa tesla. Kichwa kikiwa kimewashwa, uga wake mkubwa unaoielekea kasoro kwa upande huizimisha taa, lakini kwa mabaki ya militeslas chache ungepata namba kamili. Na almasi haina sumaku yake ya kuvuruga ncha.

#29 MzeeWaUtepe

Mpimaji, ni militesla, zisiingizwe wingi wa kigeni. Nimelipa deni la Kerr.

#30 Mpimaji

Umelipa na riba juu, mzee. Asante.

#31 Nchasindano

Wakuu, nimerudi na matokeo. Almasi sina, ila sindano nimebadilisha, na hii mpya sijaipitishia mkondo unaozidi miliampia 5.

Kwanza, umeme tuli. Mvuto ulitoweka kwenye volti 0.3 hivi, na nilipopiga picha kwenye volti hiyo ncha ilififia sana. Chembechembe alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya ule mng'ao hafifu. Lakini zile nusu mbili zilibaki.

Pili, nilikigeuza kitelezi nyuzi 180. Nusu ziligeuka nacho.

Tatu, niliichukua sindano nikaipa usumaku wa kinyume kwa sumaku ya mkononi, nikapiga picha tena. Nusu nyeupe ikawa nyeusi. Nusu nyeusi ikabaki nyeusi.

#32 BiSumaku

Nusu ya kwanza imeisha: imegeuka rangi pamoja na sindano, kwa hiyo ni sumaku, na imesimama imara kiasi cha kutosumbuliwa na sindano. Ya pili ni laini, inafuata sindano yoyote inayokuja na kuvutwa nayo. Ncha ile ina sehemu iliyoshikilia usumaku baki na sehemu iliyolegea.

#33 Chembechembe

Au nusu ya pili ni ngao. Ngao ni laini kwa kuzaliwa, na hivyo ndivyo ingefanya.

#34 FundiKoili

Au ni tabaka mbili, moja ikiwa imeshikwa na mkazo na nyingine haijashikwa. Fanya hivi: washa mkondo, upunguze huku ukiugeuza mpaka sifuri, piga picha. Rudia mara ishirini na utuhesabie. Usumaku baki ni wa bahati nasibu. Ngao ingerudi vilevile kila mara.

#35 Nchasindano

Nimefika mara ya 17 kabla sindano haijakatika. Mara 12 ncha ilikuwa tupu, haina kitu. Mara 5 nusu zilirudi, na katika mbili kati ya hizo tano, nyeupe na nyeusi zilikuwa zimebadilishana nafasi.

#36 FundiKoili

Mara tano katika kumi na saba, hata baada ya mkondo wa kupunguza! Kichwa hicho nisingekiruhusu kikaribie data yangu.

#37 BiSumaku

Zimebadilishana nafasi? Basi ngao imeondoka, na nadharia yangu ya sehemu iliyolegea nayo imeondoka.

#38 Chembechembe

Polepole. Kama sindano yenyewe iligeuzwa katika mara hizo mbili, tungeona kitu cha namna hiyo pia. Mlikubaliana hapo juu kwamba sindano hii hugeuzwa kwa urahisi, na mkondo wa kupunguza huanzia kwenye kilele. Nchasindano, ulianzia miliampia ngapi?

#39 Nchasindano

Arobaini. Niliinyanyua sindano kwanza, lakini kwa mikromita mbili tu.

#40 Mpimaji

Lipo jibu ndani ya picha zako mwenyewe. Zile sumaku za kudumu kando ya kisomaji, ambazo Chembechembe alinikatalia kwenye posti namba 26, hazibadiliki kwa mkondo wowote wa koili. Zinatoa doa jeupe na doa jeusi, moja kila upande. Katika picha mbili ambazo nusu zilibadilishana, tazama madoa hayo. Yakiwa yamebadilishana nayo, ni sindano iliyogeuka. Yakiwa yametulia, ni ncha.

#41 Nchasindano

Nilipunguza eneo la picha ili kila moja ichukue dakika nne badala ya kumi. Kisomaji hakimo.

#42 MzeeWaUtepe

Ha! Sindano nyingine unayo?

#43 Nchasindano

Ninayo moja. Kesho naanza upya na eneo pana, nikiinyanyua mikromita hamsini.